Uzi maalumu: Kutafuta kituo cha kulelea mtoto mchanga Dar, mambo ya kukagua kabla hujamkabidhi mtu mwanao

#1 Mkaguzi wa Mtaa

Wakuu salaam. Kila mara humu jukwaani mtu anauliza "nani anajua kituo kizuri Tabata, Kimara au Mbagala", anapewa majina matatu, uzi unakufa. Jina peke yake halisaidii. Kituo kilichosifiwa mwaka jana kinaweza kuwa kimeshabadilisha walezi wote, na anayelea mtoto ni mlezi, siyo bango la getini. Kwa hiyo hapa tujadili namna ya kukagua. Nazungumzia mtoto wa chini ya mwaka mmoja tu. Wa miaka mitatu ana habari zake.

Anza na kalenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Inaruhusiwa kuianza wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio. Ukifanya hivyo na ukajifungua siku hiyohiyo, zinabaki siku 56, maana yake unarudi kazini mtoto ana wiki nane. Mtoto wa wiki nane amepata chanjo za kuzaliwa na za wiki ya 6 tu, bado za 10 na za 14. Hajakamilisha dozi tatu za ile sindano inayokinga kifaduro, na unampeleka chumba chenye watoto wanaokohoa.

Sasa, sheria hiyohiyo inakupa likizo ya mwaka ya siku 28. Ukiiunganisha na zile 84 kuanzia siku ya kujifungua zinakuwa 112, yaani wiki 16. Hapo chanjo ya wiki ya 14 imeshapita. Lakini likizo ya mwaka hupangwa na mwajiri, hivyo omba mapema na kwa maandishi, usisubiri wiki ya mwisho.

Kituo chenyewe anza kukitafuta mimba ikiwa ya miezi saba. Siyo uoga huo. Vituo vingi vinapokea watoto wa miaka miwili na kuendelea, vyenye nafasi ya wachanga ni vichache na nafasi zenyewe huwa nne tano. Ukipiga simu, kabla ya kuuliza bei uliza: "Kwa sasa mna watoto wangapi wa chini ya mwaka mmoja, na wanalelewa na nani?" Ukijibiwa "tunapokea wote tu dada, mlete", bila idadi, ujue wachanga wamechanganywa na wanaokimbia.

Ukienda kuangalia usiweke miadi. Nenda kati ya saa nne na saa sita mchana, wakati wa kulisha na kulaza. Saa mbili asubuhi kila kituo kinang'aa. Omba usimame chumba cha wachanga nusu saa, kisha mtazame mlezi akimbadilisha mtoto pampasi. Anaenda wapi baada ya hapo? Kama bomba au ndoo ya maji tiririka iko hatua mbili kutoka anapobadilishia, na sabuni ipo, atanawa. Kama iko ng'ambo ya uwanja, hatanawa kila mara hata awe na mafunzo ya namna gani, kwa sababu akitoka anawaacha watoto peke yao. Kwa hiyo pima umbali wa maji kabla hujapima tabia ya mlezi.

Kisha tazama wanaolala. Kila mtoto na godoro lake, gumu kiasi, amelala chali, bila mto, bila blanketi zito, bila kanga iliyofunika uso eti nzi. Nzi na mbu ni kazi ya chandarua na nyavu za dirishani. Ukikuta watoto watatu wachanga wamepangwa kitanda kimoja kikubwa, na mmoja amelala kifudifudi ili "asishtuke", aga uondoke.

Idadi: Uingereza wanataka mlezi mmoja kwa watoto watatu walio chini ya miaka miwili. Kwetu utakuta mmoja na watano au sita. Uliza swali hili dogo: huyu akienda msalani, nani anabaki? Jibu ndilo litakuambia kama kweli wana watu.

#2 Kapteni Mwendokasi

Asante mkuu. Naomba mwongozo: kituo kiwe karibu na nyumbani au karibu na kazini? Tuseme mtu anakaa Kimara, ofisi iko Posta.

#3 Wakili wa Kijiweni

Swali zuri, na watu wengi hulijibu kwa kuangalia nauli tu.

Mama anayenyonyesha ana haki ya muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Ipo kwenye sheria ileile ya 2004, kifungu cha 33. Kituo kikiwa mwendo wa dakika kumi kutoka ofisini, unaweza kwenda kunyonyesha saa tano na tena saa nane na nusu, ukapunguza nusu ya maziwa ya kukamua. Kituo kikiwa Kimara na wewe uko Posta, haki hiyo utaitumia kwa namna moja tu: kukubaliana na mwajiri utoke mapema. Wapo wanaokubali. Pata makubaliano hayo kwa maandishi hata kama ni mstari mmoja wa barua pepe, kwa sababu bosi akibadilika, ahadi ya mdomo inaondoka naye.

Upande wa pili, karibu na kazini maana yake mtoto wa miezi minne anapanda basi saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni, watu wamebanana kama dagaa. Na siku unaumwa wewe, au ni likizo ya ofisi, kituo kiko mbali na huwezi kumpeleka.

Maoni yangu: hadi miezi sita, akiwa ananyonya tu, karibu na kazini kuna faida kama una usafiri wa maana au hamkai mbali. Akianza kula, hamia karibu na nyumbani.

#4 Shangazi Buza

Hapo kwa basi nakupinga, Wakili. Huyo mtoto atashinda amechoka na mama hivyohivyo. Kituo kiwe mtaani, na mtu wa pili wa kumchukua awe anaishi mtaa huohuo. Foleni ya Ubungo haina adabu, ukikwama hadi saa moja usiku nani atamchukua?

#5 Wakili wa Kijiweni

Shangazi, hoja ya mtu wa pili ni kweli na ni lazima popote kilipo. Kituo kiwe na orodha ya watu wawili au watatu wanaoruhusiwa kumchukua: majina kamili, picha, namba za simu. Asiyekuwemo hapewi mtoto hata akiwa na kadi ya kliniki mkononi. Na usimtume bodaboda, hata yule wa kijiweni unayemwamini. Kituo kinachokubali kumkabidhi mtoto kwa bodaboda baada ya kupigiwa simu na sauti ya kike, kitamkabidhi kwa yeyote.

#6 Nesi Mkunga

Niongezee upande wa maziwa, maana hapo ndipo watoto wengi wanapoharisha au kupungua uzito wiki za kwanza.

Kiasi: mtoto wa mwezi mmoja hadi sita anayenyonya tu huhitaji takriban mililita 30 hadi 45 kwa kila saa ambayo mama hayupo. Ukiwa nje saa kumi, pamoja na njia, andaa mililita 300 hadi 450. Usiweke yote kwenye chupa mbili kubwa. Gawa ya 60 na ya 90. Sababu ni kwamba maziwa ambayo mtoto ameshayaanza yakibaki hayahifadhiwi, yatumike ndani ya saa mbili au yamwagwe. Chupa ya 240 ikinyonywa nusu, umemwaga jasho la usiku mzima.

Joto: maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa saa nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Dar mchana hatuna nyuzi 25, ni zaidi ya 30. Kwa hiyo usihesabu kabisa muda wa mezani, yaende moja kwa moja kwenye friji. Kwenye friji ya nyuzi 4 hukaa hadi siku nne. Kwenye friza miezi sita. Yakishayeyuka yatumike ndani ya saa 24 yakiwa kwenye friji, na hayagandishwi tena. Njiani tumia kibebeo cha baridi na barafu. Chupa ya maji ya nusu lita iliyogandishwa usiku inatosha kazi hiyo, weka mbili ubavuni mwa maziwa.

Bandika kwenye kila chupa selotepu ya karatasi: jina la mtoto, tarehe, saa ya kukamua. Kalamu isiyofutika, kwa sababu chupa inatoka jasho na wino wa kawaida unayeyuka, halafu mtoto wa jirani anapewa maziwa yako.

Ukikagua kituo omba kufungua friji. Angalia kama maziwa yamewekwa ndani kabisa au mlangoni. Mlangoni joto linapanda kila likifunguliwa. Uliza umeme ukikatika wanafanyaje. Wenye akili wana kibebeo cha barafu tayari. Wengine watakuambia "huwa haukatiki sana".

Kupasha: chupa ndani ya bakuli la maji ya moto, dakika chache, kisha tone kwenye kifundo cha mkono. Siyo maikrowevu, siyo jikoni kwenye sufuria yakachemka. Maikrowevu huacha sehemu za moto mno katikati na mtoto anaungua ulimi.

#7 Kapteni Mwendokasi

Nesi, swali la haraka: maziwa yakikaa friji yanajitenga, juu mafuta, chini kama maji. Walezi huyamwaga wakisema yameharibika. Na mengine yananuka sabuni.

#8 Nesi Mkunga

Kujitenga ni kawaida, mafuta huelea juu. Mlezi azungushe chupa taratibu yachanganyike. Harufu ya sabuni baada ya kugandishwa inatokana na kimeng'enya kinachovunja mafuta, hayana madhara ingawa watoto wengine huyakataa. Yaliyoharibika kweli hunuka uchachu, na hata ukizungusha mabonge hayachanganyiki. Mwelekeze mlezi hili siku ya kwanza, tena mbele ya chupa, siyo kwa ujumbe wa simu.

Kwa wa maziwa ya kopo: maji yachemke, yasikae zaidi ya nusu saa ndipo uchanganye, ili joto liwe bado nyuzi 70 au zaidi. Unga wenyewe wa kopo hauuliwi vijidudu vyote kiwandani, maji ya moto ndiyo yanayomalizia kazi hiyo. Kisha chupa ipozwe kwenye maji baridi. Kosa la vituo vyetu ni chupa ya chai iliyojazwa saa moja asubuhi na kutumika hadi saa tisa. Mchana maji yale ni vuguvugu tu.

Kosa lingine, na hili ni la makusudi wakati mwingine, ni kupunguza vijiko. Piga hesabu. Kopo la gramu 400 kwa kijiko cha gramu 4.5 ni vijiko kama 88. Mtoto anayepewa chupa nne za vijiko vinne hapo kituoni anatumia 16 kwa siku, kopo liishe ndani ya siku tano na nusu. Likifika siku ya kumi bado linachotwa, ama mtoto hali, ama anakunywa maji meupe. Likiisha siku ya tatu, yuko mwingine anayekula kopo lako.

Chupa ianze kuzoeshwa wiki mbili au tatu kabla ya kurudi kazini, na ampe mtu mwingine, mama atoke chumbani kabisa. Akikataa chupa, kikombe kidogo kinatosha na ni rahisi kuosha kuliko chuchu ya chupa.

#9 Shangazi Buza

Na chupa kuegemezwa kwenye mto, mtoto ananyonya peke yake, mlezi anakunja nguo! Hilo ni kila kituo.

#10 Nesi Mkunga

Kweli shangazi, na mtoto hupaliwa hapohapo, maana hawezi kuisukuma chupa. Ashikwe, kichwa kiwe juu kuliko tumbo.

#11 Mama Wawili Segerea

Mbona hamjataja dawa za kulaza? Hili ndilo linalotukosesha raha.

#12 Mkaguzi wa Mtaa

Limeachwa kwa sababu ni gumu kulithibitisha, lakini lipo. Dawa za mafua zenye kusinzisha hupewa mtoto ili chumba kitulie. Dalili siyo kulala, wachanga hulala. Dalili ni mtoto aliyekuwa analala mara mbili tatu mchana sasa unamkuta amelala kila ukifika, ukimwamsha macho hayakazi, ananyonya kwa ulegevu, kisha Jumamosi na Jumapili nyumbani yuko macho kama kawaida. Tofauti ya siku za kazi na wikiendi ndiyo ya kufuatilia. Mtoto akiwa hazinduki sawasawa, hospitali kwanza siku hiyohiyo, mwambie daktari unachoshuku. Mengine baadaye.

Kinga yake: kituo kiandike kwenye mkataba kwamba hakitoi dawa yoyote bila maandishi ya mzazi ya siku hiyo, yenye jina la dawa, kiasi na saa. Ukikagua, tazama rafu. Chupa ya dawa isiyo na jina la mtoto, iliyofunguliwa, uliza ni ya nani.

Na uliza hivi kwa upole: "Mtoto akilia nusu saa bila kunyamaza mnafanyaje?" Anayejibu "hapa hawalii" anakudanganya. Jibu zuri ni la mtu anayetaja hatua: naangalia pampasi, nambeba, nampokezana na mwenzangu, nampigia mama. Kupokezana ni neno la maana sana hapo. Mlezi aliye peke yake na watoto sita wanaolia ndiye anayefikia kumtikisa mtoto, na kumtikisa mchanga kunaweza kumvujisha damu kichwani.

#13 Wakili wa Kijiweni

Usajili. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo cha kulelea watoto mchana kisajiliwe, na hili liko chini ya ustawi wa jamii. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri yako, iwe Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, taja jina la kituo na mtaa, muulize kama anakifahamu na mara ya mwisho amekikagua lini. Cheti ukutani usikisome kwa mbali: soma jina la kituo, mahali kilipo na tarehe. Wapo waliohama nyumba na kubeba cheti.

Kuna mtego mmoja. Shule ya awali husajiliwa upande wa elimu. Shule hiyo ikifungua chumba cha wachanga nyuma, cheti kilekile cha shule huonyeshwa wazazi. Hicho hakihusu ulezi wa mtoto wa miezi minne. Ulizia cha ustawi.

#14 Pwani Ndogo, Mombasa

Habari zenu. Huku Kenya likizo ya uzazi ni miezi mitatu, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea kazini. Swali langu ni pesa: mnakubaliana vipi?

#15 Mkaguzi wa Mtaa

Karibu sana. Ada ya mwezi isikudanganye, jumlisha vyote. Mfano tu: ada 120,000, chakula 40,000, pampasi tano kwa siku kwa siku 22 ni vipande 110. Kama kipande ni 500, hapo ni 55,000. Jumla 215,000 kabla ya usajili wa mara moja na faini ya kuchelewa. Faini uliza inahesabiwaje, kwa saa au kwa kila dakika 15, na saa ya kufunga ni ipi kweli. Uliza pia mtoto akiumwa wiki mbili ada inakuwaje, na notisi ya kumwondoa ni ya muda gani. Kituo kinachodai miezi mitatu mbele bila kurudisha kinajua kitu.

Pampasi nazo ni kipimo. Ukipeleka tano na mtoto akashinda saa tisa, unategemea zirudi moja au mbili. Zikirudi nne, alivaa moja siku nzima, na vipele vya makalioni vitakuambia.

#16 Baba Pacha

Kwa waliokosa nafasi: familia mbili za mtaa mmoja zinaweza kuajiri dada mmoja mzima wa makamo, mtoto mmoja kila nyumba, nyumba moja itumike wiki hii, nyingine wiki ijayo. Masharti: awe na kitambulisho, mdhamini anayejulikana kwa mwenyekiti wa mtaa, na asiwe na kazi ya kufua na kupika ya nyumba zote mbili. Ukimpa na kazi za ndani, watoto watashinda mbele ya runinga. Ndoo za maji zifunikwe au ziinuliwe, mtoto anayetambaa huzama hata kwenye maji ya kina cha kiganja. Jiko la mkaa likae nje kabisa, moshi wake usioonekana unaua chumba kikifungwa.

#17 Mama Wawili Segerea

Na wiki ya kwanza mnampelekaje? Na akiwa na homa?

#18 Nesi Mkunga

Wiki ya kwanza: siku ya kwanza kaa naye saa moja, siku ya pili mwache saa moja, ya tatu hadi anyonye na alale hapo mara moja, ya nne nusu siku, ya tano siku nzima. Fanya hivyo likizo haijaisha. Mtoto wa miezi minne huzoea haraka kuliko wa miezi minane au tisa, huyo wa tisa ameshaanza kujua sura na atalia ukiondoka. Muage, usitoroke.

Kuumwa: joto la 38 na zaidi, kutapika mara mbili, au kinyesi cha maji, abaki nyumbani. Aliye chini ya miezi mitatu akifika 38 ni hospitali moja kwa moja, siyo kusubiri kesho. Homa apimwe malaria kabla ya dawa ya malaria. Anayeharisha apewe ORS na zinki, miligramu 10 kwa siku kama hajafikisha miezi sita, 20 akizidi hapo, siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma mapema, na aendelee kunyonya. Kituo kinachopokea mtoto mwenye homa "kwa kuwa mama ana kazi" kitampokea na wa mwenzako pia, kwa hiyo ukisikia mlezi anajisifia hilo, hesabu kama kasoro. Kadi ya kliniki wadai siku ya usajili. Wasipoidai yako, hawajadai ya mtu.

#19 Kapteni Mwendokasi

Nimenakili yote. La mwisho: ukigundua mtoto ameumizwa, unaanzia wapi?

#20 Wakili wa Kijiweni

Hospitali kwanza. Kabla hujambadilisha nguo piga picha za alama zenye tarehe. Kisha Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, na simu ya bure 116 ya huduma kwa mtoto. Afisa ustawi mpelekee barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Usianze kwa kwenda kugombana na mwenye kituo, utampa muda wa kuondoa mlezi na daftari la mahudhurio.